Mwoga Aliyemzaa Chubwi

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na nyinyi watoto mliokaa hapa mbele: nimepewa kazi ya kusoma habari za dada yangu, nami naogopa. Anayeona karatasi inacheza asidhani ni upepo. Mimi ni mdogo wake pekee, kinyozi, wengi wenu nimewashika vichwa. Kinyozi hajinyoi, walisema waliotutangulia, na marehemu aliyewachora watu wote hakujichora yeye hata mara moja wala hakuacha mstari mmoja kuhusu maisha yake. Kwa hiyo tulikaa sisi, tukakumbushana, tukabishana, tukaandika haya mliyonayo mkononi. Nimesoma wasifu nyingi za mazishi, na katika hizo kila marehemu alikuwa jasiri asiyetishika. Huyu hakuwa hivyo. Dada yetu alikuwa mwoga, alijijua, na familia imekubaliana iandikwe wazi, maana tukiandika vingine mtafikiri mmepotea njia mkaingia mazishi ya mtu mwingine.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Mei 1964, katika chumba cha nyuma cha karakana ya magodoro alikofanya kazi mama yetu. Alikuwa mtoto wa kwanza. Baba yetu, aliyefariki mwaka 1989, alikuwa mlinzi wa kivuko cha reli, mtu wa kufunga na kufungua kizuizi treni ikipita. Mama yupo hapa, amekaa kwenye kiti cha kwanza, na ndiye aliyetupa habari za siku ile. "Wenzake huzaliwa wamefumba macho," anasema. "Huyu alizaliwa kakodoa, anatazama mlango." Tangu hapo hakuacha kuutazama. Aliogopa ngurumo, ngazi zisizo na ukuta, umeme, na maputo, kwa sababu puto huwezi kujua litapasuka saa ngapi. Zaidi ya vyote aliogopa mbwa.

Ndiyo, watoto, mmesikia sawasawa. Mama Chubwi aliogopa mbwa. Seremala wa jirani alikuwa na mbwa wa rangi ya kahawia aliyefunguliwa kila mchana, na dada, mlango wa seremala ukilia tu, alikuwa ameshapanda juu ya ukuta wa karakana. Huko alikaa mpaka mwenye mbwa arudi. Hakuwa na la kufanya ila kumtazama adui yake. Akaanza kumchora kwa mkaa juu ya saruji ya ule ukuta, na michoro ile nimeiwahi mimi mwenyewe, ilidumu miaka. Mbwa wake wote wa mwanzo wana mgongo, masikio na mkia basi. Hawana tumbo wala miguu, kwa sababu mtu aliye juu ya ukuta havioni hivyo.

Alisoma shule ya msingi iliyotazamana na reli kuanzia 1971 hadi 1977, kisha sekondari ya wasichana mpaka 1981. Mwalimu wake wa sayansi aliwahi kumsimamisha ataje sehemu za panzi. Dada akafungua mdomo, sauti ikagoma. Darasa likaanza kucheka. Akatembea hadi ubaoni, akamchora panzi mzima, na miguu yake yote, na mabawa aliyoyakunja, mpaka mwalimu akasogea kuhakikisha hajabandikwa. Tangu siku hiyo akawa mchoraji wa shule. Mwaka 1983 alijiunga na chuo cha sanaa, akatoka na cheti cha uchoraji mwaka 1985. Mtihani wa mazungumzo alifeli, na hakuona haya kulisema.

Kazi ya kwanza aliipata mwaka 1986 katika kiwanda cha kuchapa vitabu vya shule. Mapafu, moyo, mzizi wa mharagwe, gurudumu na mkanda wake: kama mlisoma miaka ile, mlisomea mkono wake. Mwaka 1990 jokofu la kantini ya kiwanda likafa, akaitwa fundi. Huyo ndiye shemeji yangu, mume wa marehemu. Alilivuta jokofu, akaingia nyuma yake na bisibisi, na alipogeuka alimkuta mwanamke amesimama ameinua fagio la mpini wa mti mkavu juu ya kichwa chake.

"Dada, mbona unataka kunipiga?"

"Sitaki kukupiga. Umeme ukikukamata nikubandue."

Alikuwa amesimama vile muda wote, mikono imeshakufa ganzi. Shemeji anasema watu wengi walishawahi kumlipa, lakini hakuna aliyewahi kumwogopea. Wiki iliyofuata alirudi kutengeneza jokofu ambalo halikuwa na ubovu wowote. Walifunga ndoa tarehe 21 Desemba 1991, na mwaka 1994 Mungu akawajalia binti mmoja, ambaye naye amemzalia marehemu mjukuu wa kike. Ndoa yao ilikuwa ya kukaguana. Huyu anauliza gesi imezimwa, yule anauliza mlango umefungwa, na wote wawili wanaamka kwenda kuhakikisha.

Mwaka 1993 alihamia kituo cha televisheni, idara ya vipindi vya watoto, na mwaka 1997 akamzaa Chubwi. Kwa wageni ambao hawana watoto wala televisheni, Chubwi ni mbwa wa katuni. Sikio lake moja limesimama, jingine limelala, tumbo linaburuta, hasemi neno, na kila kipindi lazima atumbukie mahali: kwenye ndoo, kwenye mtaro, kwenye beseni la mtu anayefua. Chubwi! Hapo nchi nzima ya watoto inapiga kelele. Alifukuza wezi, aliokoa kuku, alisimamisha lori. Kumchora haikuwa kazi ya mzaha. Marehemu alikaa kwenye meza ya kioo iliyowashwa taa chini yake, karatasi juu ya karatasi, akizipeperusha kati ya vidole kuona kama mkia unakwenda. Pembeni aliweka kioo kidogo cha kujitazamia. Chubwi akistaajabu, dada alistaajabu kwenye kioo kwanza, ndipo akachora. Mtu aliyeingia bila kubisha alimkuta mama mzima ananusanusa hewa. Hata kompyuta zilipokuja, kile kioo hakikuondoka.

Januari mwaka jana mkuu wa vipindi alimwita, akamwambia kituo kinataka filamu maalumu ya katuni, ya karibu saa moja, ya kutazamwa na familia nzima, kuhusu utoto wa Chubwi: alizaliwa wapi, nani alimlea, jina alilipataje. Mwenyewe alikuwa ameshaipanga kichwani. Chubwi mdogo anatoka chini ya ngazi, anaibwekea ngurumo, anatumbukia kwenye maji, anacheka, watoto wanacheka, kwisha. Marehemu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Huyo si Chubwi," akasema. "Huyo ni askari."

Kwake yeye, Chubwi alizaliwa chini ya ngazi za karakana ya magodoro wakati wa mvua, wa mwisho kati ya watoto watano. Watu wanakuja kuchagua watoto wa mbwa, huyu leo, yule kesho. Kila viatu vikisimama mbele ya ngazi yule mdogo anarudi nyuma zaidi gizani, anaogopa kuchukuliwa, na anaogopa vilevile kuachwa. Mwisho anabaki yeye na mama yake. Mvua inazidi, maji yanaingia chini ya ngazi, na hakuna njia ya kutoka isipokuwa kupita kwenye yale maji. Hapo ndipo hadithi ilipokwama. Marehemu hakujua ni kitu gani kitamtoa mtoto mwoga mahali pale, na alikataa kabisa kumtoa kwa uongo. Alichora mama jasiri anayetangulia, akachana. Alichora mama anayemsukuma, akachana hiyo pia. Alisema akimaliza sehemu hiyo ndogo amemaliza kazi yake ya maisha, na asipoimaliza basi miaka yote amewachorea watoto wa watu uongo.

Mwezi Juni alianza kulalamikia maumivu chini ya mbavu za kulia. Tukasema ni kukaa sana. Agosti macho yakawa ya njano, tukampeleka hospitali ya rufaa. Tarehe 20 mwezi huohuo daktari alituita mimi na shemeji kwenye ofisi yake ya ghorofa ya tatu, yenye dirisha linalotazama maegesho ya magari, akatuambia ni saratani ya ini na imeshakwenda mbali. Shemeji akalamba midomo. Mimi nikacheka. Msinishangae, mimi nikiogopa hucheka, wateja wangu wanajua. Nilicheka mpaka daktari akanisogezea glasi ya maji.

Tulikaa kikao kwenye ngazi za hospitali, sisi wawili na binti yake. Binti akasema, "Mama akiambiwa, hofu itamuua kabla ya ugonjwa." Tukaona amesema la maana. Mtu anayekimbia puto utamwambiaje jambo kama lile? Tukakubaliana ni vidonda vya tumbo. Tukarudi kwa daktari tukamwomba asimwambie mgonjwa. Daktari akaweka kalamu chini.

"Mna hakika?"

"Tuna hakika," nikajibu, huku nacheka.

Siwezi kuwaeleza vizuri miezi iliyofuata. Niliogopa simu ikilia na niliogopa isipolia. Kila tulipofika chumbani kwake, awe nyumbani au wodini, tulisimama kwanza nje ya mlango, tukazipanga nyuso, ndipo tukaingia na maneno ya furaha. Shemeji alileta chupa za dawa ya tumbo, za kweli kabisa, na marehemu alizinywa, na kusema zinamsaidia. Mama yetu naye tulimwambia vidonda vya tumbo. Dada alikuwa akifanya kazi kitandani, ubao juu ya magoti, na tukiingia alitutazama kwa makini. "Geuka kidogo, mwanga unakupiga." "Kaa hapo hapo, usiondoke." Kile kioo chake kilikuwa kimelazwa kifudifudi mezani. Tulifurahi kwamba kazi inamsahaulisha. Mtu yule ambaye maisha yake yote aliuliza kama gesi imezimwa, hakuuliza hata mara moja kwa nini vidonda vya tumbo vinamgeuza kuwa wa njano. Mwenye akili angeshtuka hapo, lakini sisi hatukushtuka.

Mwanzoni mwa Desemba nilikuwa dukani namnyoa mteja, simu ikaita. Alikuwa mpaka rangi wa studio, yaani mtu wa kuitia michoro rangi, mwanamke aliyefanya kazi meza moja na dada tangu Chubwi azaliwe.

"Kinyozi, acha kichwa cha mtu, njoo studio."

"Nimefika nusu."

"Kiache nusu."

Nilidhani dada ameanguka. Nilikimbia na taulo begani, kitana mfukoni. Nilipofika, mpaka rangi alikuwa peke yake, mapazia yamefungwa, ameketi mbele ya skrini. Hakunisalimia. Akanionyesha majaribio ya penseli, yaani michoro mitupu isiyo na rangi ikiendeshwa haraka kuona kama inatembea. Ilikuwa sehemu ya viatu. Viatu vyeusi vinasimama mbele ya ngazi, na watoto watano wa mbwa wanavitazama. Wa kwanza analamba midomo mara mbili. Wa pili amefunua meno yote anacheka, lakini masikio yamelala nyuma. Wa tatu anakunja tambara la kulalia, analikunjua, analikunja tena, na hivyo ndivyo alivyofanya binti wa dada na mashuka ya hospitali siku nzima.

"Wamependeza," nikasema.

Akarudisha mwanzo. Mara ya pili nilimwona shemeji. Mara ya tatu nilijiona mimi, meno nje, hofu imenijaa machoni hadi nikataka kugeuka nisitazame. Dada alikuwa hajitazami tena kwenye kioo kwa sababu hofu ya kuchora ilikuwa inamjia yenyewe, kila siku, saa ya kuwaona wagonjwa, na kukaa mbele yake kwenye kiti. Alikuwa anatuchora sisi. Mtu ambaye kazi yake maisha yote ilikuwa nyuso, sisi tulikwenda kumficha uso! Ni sawa na mtu kuja kunificha mimi upara.

"Amejua tangu lini?"

"Mimi unaniuliza?" mpaka rangi akasema, na ndipo nikaona amelia. "Kamuulize daktari."

Nilikwenda na shemeji, na daktari hakutuficha, alikuwa amechoka. "Mgonjwa wenu alijua siku moja kabla yenu," akasema. "Alinishika koti, akaniomba nisiwaambie. Alisema mumewe hatalala, bintiye ana mtoto mdogo, na kinyozi akiambiwa atamkata mtu sikio. Sikuweza kuwaficha jamaa, nikawaita kesho yake, nanyi mkaja na ombi lilelile. Nilijua mtaambiana wenyewe baada ya siku mbili tatu. Nyinyi ni watu wa namna gani?"

Ni watu waoga, daktari. Kila mmoja alikuwa anamwogopea mwenzake, na dada akabaki na hofu yake peke yake miezi mitatu, anakunywa dawa ya tumbo ili sisi tujisikie vizuri. Nikifikiria ile dawa nakasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Mchana wa siku iliyofuata tuliingia wodini wote. Hakuna aliyepanga uso. Tukasimama kandokando ya kitanda. Mama yetu alikuwa ameshafika, amekaa ukingoni mwa kitanda, anatutazama mmoja mmoja.

"Semeni," akasema. "Au niseme mimi?"

"Mama, ni vidonda vya..." nikaanza.

"Nyamaza. Nina miaka themanini na mitatu. Mnadhani sijawahi kuona mtu anaumwa kufa?" Akamshika dada mguu juu ya shuka. "Mwanangu, unatuacha. Na mimi naogopa."

Dada alimtazama kama aliyeambiwa jambo la ajabu kuliko la kifo. "Wewe? Wewe huogopi kitu, Mama."

"Nani kakudanganya? Naogopa tangu siku ile uliyozaliwa. Nilikuwa nakuficha tu."

Hapo dada alilia. Hakulia kwa heshima, alilia kwa sauti hadi muuguzi akaja mbio, akatukuta wote tunalia, akarudi mlangoni na kusimama. "Naogopa, mdogo wangu," dada akaniambia. "Naogopa sana. Naogopa kuwa mahali msipokuwepo nyinyi."

"Na mimi naogopa, dada."

"Mimi ndio usiseme," shemeji akasema, akalamba midomo, na dada akacheka katikati ya kilio, akamwonyesha kwa kidole: "Mnamwona? Mnamwona?"

Tulipotulia alimtazama tena mama, hasa miguu yake. Mama ana tatizo la magoti, na akiwa na wasiwasi yanacheza. Dada aliyatazama yale magoti muda, kisha akanyoosha mkono.

"Nipeni penseli. Yule mama wa Chubwi nimemkosea miguu."

Hiyo ndiyo sehemu mtakayoiona. Maji yameingia chini ya ngazi, na mama mbwa anasimama mbele yake anatetemeka miguu yote minne. Hamsukumi mtoto wala hamfundishi kitu. Mtoto anamtazama, kwa mara ya kwanza anaona kwamba mama yake naye anaogopa, na anatambaa kutoka gizani kuja kusimama kando yake ili asiwe peke yake. Wanatetemeka pamoja. Halafu wanaingia kwenye maji kwa pamoja, na jina la Chubwi linazaliwa hapo. Mkuu wa vipindi alipokuja wodini kuitazama alishtuka. "Mama anatetemeka? Watoto watalia."

"Watalia wamekaa karibu na mama zao," marehemu akamjibu. "Hapo ndipo pa kulilia."

Mkuu wa vipindi akarudia kuitazama, akavua miwani, akasema irushwe hivyohivyo. Tunamshukuru, yupo pale nyuma.

Michoro ilikamilika mwezi Februari, lakini alikaa siku kadhaa bila kuachia karatasi ya mwisho. Alichora viwimbi vya maji, akafuta, akachora tena. Sote tulijua anaogopa nini. "Nikimaliza hii, imebaki kazi gani?" aliuliza, na hatukumdanganya. Shemeji akamwambia, "Maliza tu, mke wangu. Hatuondoki." Tarehe 24 Februari alimkabidhi mpaka rangi ile karatasi.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, hospitalini, akiwa na umri wa miaka sitini. Hakupigana kishujaa, na sitaandika hivyo. Aliogopa mpaka karibu na mwisho. Alisema "Msiniache," tukasema hatukuachi, akasema tena, tukasema tena. Alikuwa ameshika kidole gumba cha mumewe, mama amemshika mguu, binti amemlalia begani, mimi nilimshika kichwa, maana hicho ndicho ninachojua kushika. Pumzi zikawa chache. Paji la uso likakunjuka. Ningependa kuwaambia kwamba hofu ilimtoka, lakini sijui. Ninachojua ni kwamba hakuwa peke yake nayo, na kwa miezi yake mitatu ya mwisho hakuna mtu aliyeingia chumbani mwake na uso wa bandia. Baba yetu alipenda kusema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mzee angesimama hapa leo akaona kilio hiki chote kimekuja kwa mwoga.

Filamu ya utoto wa Chubwi itaonyeshwa kesho Jumapili, saa kumi na mbili jioni. Watoto, msiitazame peke yenu. Wazazi, msiende jikoni ile sehemu ya maji ikifika.

Marehemu ameacha mama mzazi, ambaye anaogopa kwamba anazika mtoto kabla ya zamu yake. Ameacha mume, fundi wa majokofu, ambaye anaogopa kufungua mlango wa nyumba yake leo jioni. Tumekubaliana tutakwenda naye. Ameacha binti mmoja, anayeogopa kuisahau sauti ya mama yake. Ameacha mjukuu wa kike mwenye miaka sita, ambaye asubuhi ameniuliza kama huko chini bibi ataogopa giza, na mimi kwa mara ya kwanza sikucheka, nikamwambia sijui, nipe mkono. Ameacha wafanyakazi wenzake, na watoto ambao hakuwahi kuwaona. Ameacha mdogo wake mmoja, kinyozi, ambaye alimwahidi hatamwacha, na anaogopa kufika mwisho wa karatasi hii, kwa sababu anajua ikiisha mtamshusha.

Imeisha. Mshusheni taratibu. Apumzike, dada yetu, bila hofu.